Breki: Hewa Ikitoka, Maji Je?

(Sehemu ya pili)

Tulikwisha kuona kwamba breki za gari dogo zinategemea jambo moja: mafuta hayabanwi. Mguu ukisukuma pedali, masta silinda hupeleka shinikizo hadi kwenye breki za magurudumu yote. Hewa hubanwa, na povu likiingia kwenye paipu pedali huzama. Fundi yeyote wa jua kali hapa Nakuru analijua hilo, ndiyo sababu pedali ikishakuwa ngumu huiona kazi ya kutoa hewa imekwisha. Mimi nasema imefika nusu. Mafuta ya zamani yakibaki ndani, hewa itazaliwa upya kwa njia ya mvuke, tena mahali pabaya zaidi.

Mafuta ya breki ya DOT 3 na DOT 4 hunyonya unyevu polepole. DOT 3 mpya haitakiwi kuchemka kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi. Ikishanyonya maji yapata asilimia 3.7, kiwango hicho hushuka hadi 140. Kwa DOT 4 ni 230 na 155. Sasa tupime mteremko wenyewe. Gari la kilo 1,500 likishuka kimo cha mita 500 bila kuongeza kasi, nishati inayopaswa kupotea inatosha kuchemsha debe la maji la lita 20. Upepo na injini huchukua sehemu yake, lakini dereva anayeshuka Sachangwan kuelekea Salgaa, au Rironi hadi Mai Mahiu, akiwa katika gia kubwa, huziachia breki mzigo mkubwa mno. Joto hupita kwenye pedi hadi kwenye kalipa, na mafuta yenye maji huchemka. Mji wetu wenyewe uko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na kimo hicho hushusha kidogo tena kiwango cha kuchemka.

Atasema mtu kwamba pedali yake ni ngumu kila asubuhi. Naam, asubuhi breki ni baridi. Mwingine atasema ajali za Salgaa zimesababishwa na malori yaliyoachiwa kuteremka bila gia, na malori makubwa hutumia breki za upepo. Ni kweli, na makala haya hayayahusu. Probox na pikapu ya kubebea viazi zinatumia mafuta. Hata hivyo nakubali kwamba hakuna mafuta, yawe mapya namna gani, yanayoweza kuchukua nafasi ya gia ndogo.

Je, kazi hii ya kubadilisha mafuta ifanyiwe nyumbani? Inawezekana kwa watu wawili, gari likiwa limeegemezwa kwenye stendi imara, kamwe si jeki peke yake. Mmoja hukanyaga pedali. Mwenzake hufungua nipo ya kutolea hewa yenye mpira mwangavu uliozama katika chupa ya mafuta safi, kisha huifunga kabla mguu haujaachia. Kwa kawaida huanzwa na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, ila magari mengine yana mpangilio wake, na kitabu cha gari ndicho cha kufuatwa. Endeleeni hadi rangi ya chai ya rangi iishe, hata kama mapovu yaliisha mapema. Kopo la mafuta ya breki lisikauke: kwenye gari lenye ABS, hewa ikiingia katika pampu yake huenda ikahitaji mashine ya karakana kuitoa. Mafuta ya injini yasikaribie hapo, huvimbisha mipira. Chupa iliyokaa wazi stoo tangu mwaka jana haifai, kwa kuwa nayo imekuwa ikinyonya unyevu.

Klachi ya mafuta hutolewa hewa vivyo hivyo kwenye slevu silinda, ingawa haipati joto la breki. Dalili yake ni gia kukataa kuingia au kusaga. Katika magari mengi klachi na breki hunywa kopo moja, kwa hiyo anayebadilisha mafuta ya breki na kuiacha klachi na uchafu wake ameacha mafuta mapya na ya zamani yakikutana katika kopo hilo hilo.