Simu Isiyo na Waya na Nyaya Zake Mbili

Jina la chombo laweza kumpotosha anayekitumia. Simu ya nyumbani ambayo mkonga wake hubebwa kutoka chumba hadi chumba huitwa simu isiyo na waya. Kumbe ina nyaya mbili, na usalama wa wenye nyumba hutegemea kuzifahamu. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi chombo hiki kinavyofanya kazi, namna ya kukifunga, na tahadhari zinazokihusu. Mfano wetu utakuwa nyumba ya matofali iliyoezekwa kwa mabati katika mji wa Masumbwe, kando ya barabara kuu itokayo Kahama kwenda Ushirombo. Mji huo, ambao zamani ulikuwa katika Mkoa wa Shinyanga, sasa umo katika Wilaya ya Mbogwe, Mkoa wa Geita.

Kitako na mkonga

Simu hii ina sehemu mbili. Ya kwanza ni kitako, ambacho hukaa mahali pamoja. Waya mmoja hukiunganisha na njia ya simu, na wa pili hukiunganisha na umeme. Sehemu ya pili ni mkonga, wenye betri yake. Kati ya mkonga na kitako sauti husafiri kwa mawimbi ya redio, na kila kimoja kina mtambo mdogo wa kurusha na kupokea mawimbi hayo.

Nyumba nyingi za Masumbwe hazijafikiwa na waya wa shaba wa simu. Kwa hiyo mwenye nyumba huweza kutumia kisanduku chenye kadi ya laini, ambacho hupokea mawimbi ya mnara wa simu za mkononi na kuyageuza yawe njia ya kawaida ya simu. Kitako huchomekwa kwenye kisanduku hicho. Hapo sauti huruka angani mara mbili: kutoka mnara hadi kisanduku, na kutoka kitako hadi mkonga.

Mawimbi yanayotumika

Wimbi la redio hutambulishwa kwa marudio yake, yaani idadi ya mitetemo katika sekunde moja. Simu za zamani za aina hii zilitumia marudio ya chini, kama vile megahezi 49. Mfumo uitwao DECT, ambao kanuni zake zilichapishwa Ulaya mwaka 1992, hutumia megahezi 1880 hadi 1900. Mwanafunzi na akokotoe urefu wa wimbi kwa kugawanya mwendo wa mwanga, mita 300,000,000 kwa sekunde, kwa marudio. Kwa megahezi 49 atapata mita 6 hivi. Kwa megahezi 1900 atapata sentimita 16 hivi. Robo ya wimbi hili la pili ni sentimita 4 tu. Ndiyo sababu antena ya simu ya sasa hufichika ndani ya mkonga, ilhali ile ya zamani ilichomoza kama fimbo.

Katika mfumo huo kitako na mkonga hupokezana zamu, mfano wa mwimbishaji na waitikiaji wake. Kila sekunde hugawanywa katika vipindi 100, na kila kipindi katika zamu 24: zamu 12 ni za kitako na 12 ni za mikonga. Sauti hukatwa vipande, vikarushwa kwa zamu, kisha vikaunganishwa upya. Zamu hizo ni fupi mno hata sikio halitambui mkato wowote.

Kuifunga simu

Kwanza, soma maandishi yaliyo kwenye adapta. Umeme wa majumbani hapa Tanzania ni wa volti 230. Adapta iliyotengenezwa kwa ajili ya Marekani pekee huandikwa volti 120, na ikichomekwa katika soketi zetu huweza kuungua.

Pili, chagua mahali pa kitako. Nguvu ya mawimbi hupungua kwa kipeo cha pili cha umbali: ukienda mbali mara mbili, unapokea robo tu ya nguvu. Matofali hufyonza sehemu ya mawimbi, na bati huyarudisha yalikotoka. Simu ambayo uwanjani hufika mita 300 huenda isizidi mita 50 penye kuta. Basi kitako kiwekwe katikati ya nyumba, juu ya meza au rafu, mbali na kabati la chuma, jokofu na televisheni.

Tatu, tia katika mkonga betri za kuchajiwa tu, za aina iliyotajwa na mtengenezaji, kisha uuache ukichaji kwa muda alioagiza. Betri za kawaida za tochi zisitiwe kamwe, maana zikichajiwa huweza kuvuja au kupasuka.

Nne, usajili mkonga kwenye kitako, kwa kawaida kwa kubonyeza kitufe na kuingiza namba ya siri. Usajili huo humzuia jirani mwenye mkonga wa aina hiyo kupiga simu kwa gharama yako. Katika simu nyingi za zamani maongezi yaliweza kusikika hata kwa redio ya jirani, jambo lisilopendeza kwa mfanyabiashara wa dhahabu anayejadili bei. Simu za sasa huficha maongezi vizuri zaidi. Hata hivyo, namba ya siri ya fedha isitajwe katika simu yoyote.

Umeme unapokatika

Simu ya kale yenye waya ilipata umeme wake, kama volti 48, kutoka kituo cha simu kwa kupitia waya uleule wa maongezi. Kituo kilikuwa na betri zake, hivyo nyumba ikiwa gizani simu iliendelea kulia. Kitako cha simu isiyo na waya hakina fadhila hiyo. Umeme ukikatika, nacho huzimika, na mkonga wenye betri iliyojaa hauna wa kuzungumza naye. Nyumba yenye mgonjwa au mja mzito isitegemee chombo hiki peke yake. Iwepo simu ya mkononi iliyochajiwa, ili namba ya dharura 112 ipatikane wakati wowote.

Radi

Bonde la Ziwa Viktoria ni miongoni mwa sehemu za dunia zenye radi nyingi. Januari 2025 radi iliua wanafunzi 7 wa Shule ya Sekondari Businda katika Wilaya ya Bukombe, jirani na Mbogwe. Msiba huo haukuhusu simu, lakini watukumbusha nguvu tunayoizungumzia. Radi ikipiga nguzo au waya wa nje, mkondo wake huweza kufuata waya hadi ndani ya nyumba. Mwenye kushika simu ya waya huwa ameungana na njia hiyo. Mwenye mkonga wa redio hakuungana nayo, ila kitako kimeungana nayo mara mbili.

Hesabu sekunde kati ya mmweko na ngurumo. Sauti huchukua sekunde 3 hivi kwenda kilomita moja. Kwa hiyo sekunde 30 ni umbali wa kilomita 10, na hapo hatari imekwisha fika. Chomoa nyaya zote mbili mawingu yanapokusanyika, kabla ya ngurumo kukaribia, na usizirudishe mpaka zipite dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Mvua ikiwa imekwisha kukukuta, usiziguse.

Zawadi kutoka ng'ambo

Simu za aina hii zilizotengenezwa kwa Marekani hutumia megahezi 1920 hadi 1930. Kwetu sehemu hiyo ni ya simu za mkononi zinapouarushia mnara mawimbi. Mnara husikiliza mawimbi dhaifu kutoka mbali. Chombo hicho kikiwa karibu nao, ni kama mtu apigaye kelele sikioni mwa anayesikiliza mnong'ono. Majirani hukosa mawasiliano bila kujua sababu. Kwa hiyo, kabla ya kununua au kupokea simu hiyo kama zawadi, hakikisha ni ya aina iliyoidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.

Walimu wa fizikia wanaweza kulifanya somo hili kwa vitendo. Mwanafunzi abebe mkonga, aondoke hatua kumi kumi kutoka kwenye kitako, na kuandika mahali sauti inapoanza kukatika: kwanza uwanjani, kisha nyuma ya ukuta mmoja, kisha nyuma ya bati. Jedwali atakalolipata litamfundisha tabia ya mawimbi kwa ushahidi wa masikio yake mwenyewe.