Je, Msumeno Wako ni Mdogo, au ni Butu?

 

Mazungumzo ya leo yanawahusu hasa ndugu zetu wenye miti ya kupanda: misindano, mikaratusi, miwati na migrivea. Nawalenga zaidi wa Njombe, Mufindi, Makete na Kilolo, ambako siku hizi ni shida kupita kijiji kimoja bila kusikia mlio wa msumeno wa mnyororo, au chenso kama tulivyozoea kuuita. Wengi wenu mlianza na ile mashine ndogo yenye upanga wa inchi 14 au 16. Upanga ni ile bapa ndefu ya chuma inayobeba mnyororo. Mmeitumia kwa kuni, kwa nguzo za uzio, kwa kupunguzia matawi. Sasa miti imenenepa, na mnatuuliza: "Bwana Shamba, mashine hii inanichelewesha. Nataka kuuza ndama nikanunue kubwa. Unanishaurije?"

Jibu langu la kwanza ni hili: usiuze ndama kwanza. Leta mashine tuione.

Kiangazi kilichopita nilifika kwa mzee mmoja aliyekuwa ameshapata mnunuzi wa ndama. Baada ya shikamoo na marahaba akaniambia, "Mwanangu, mashine hii imechoka. Gogo moja dakika kumi, na moshi unatoka kwenye ubao." Nikamwomba aiwashe akate mbele yangu. Sikutazama mashine, nilitazama chini. Kilichokuwa kinaanguka ni unga laini kama sembe. Mnyororo wenye makali hautoi unga, ndugu mkulima. Hutoa vipande, kama chenga za mahindi yaliyoparazwa. Ukiona unga, na ukaona unasukuma msumeno kwa nguvu za mabega badala ya msumeno kujivuta wenyewe ndani ya mti, hiyo si injini dhaifu. Hayo ni meno butu.

Tulikaa chini ya mti na tupa ya mviringo kwa muda wa kama dakika arobaini. Mzee alipokata tena gogo lile lile, alizima mashine akacheka peke yake. Ndama hakuuzwa.

Kwa hiyo tuanze na kunoa, maana hata ukinunua msumeno mkubwa kuliko yote wilayani, ukiutia mnyororo butu utakuwa umenunua kelele tu. Kila mnyororo una tupa yake. Minyororo ya mashine ndogo kwa kawaida hutaka tupa ya mviringo ya milimita 4. Ya mashine za kati hutaka milimita 4.8. Ile minene ya mashine kubwa hutaka milimita 5.2 au 5.5. Tupa isiyo saizi yake huharibu umbo la jino. Sukuma tupa kutoka ndani ya jino kwenda nje, upande mmoja tu wa mwendo, usiirudishe ikisugua. Ishike kwa mshazari wa kama nyuzi 30, isipokuwa mnyororo uwe umetengenezewa pembe nyingine. Hesabu misuguo: kama jino la kwanza umelipa mitatu, yape yote mitatu, ya kushoto na ya kulia. Ukinoa upande mmoja zaidi ya mwingine, msumeno utakata kwa kupinda kama jembe lililolegea mpini.

Kuna jambo ambalo wakulima wengi hawalijui. Mbele ya kila jino kipo kinundu kidogo. Kazi yake ni kupima jino lile lile linang'ata kiasi gani cha mti. Unavyonoa, jino hushuka kidogo kidogo, lakini kinundu hubaki pale pale. Mwisho wake jino lina makali safi ila halifiki kwenye mti! Hapo chukua tupa bapa, ushushe kinundu kiwe chini ya ncha ya jino kwa kama milimita 0.65. Hiyo ni pungufu kidogo ya unene wa kadi ya kitambulisho. Usizidishe. Kinundu kikishuka mno, jino hung'ata kipande kikubwa kuliko nguvu ya injini, na msumeno huanza kuruka mkononi.

Halafu safisha chujio la hewa, toa masizi kwenye ekzosi, tazama plagi. Usitumie petroli iliyochanganywa na oili kisha ikakaa galoni miezi na miezi. Ukishafanya yote hayo na bado mashine inalemewa, hapo tuna haki ya kuzungumza habari ya kuongeza nguvu.

Nguvu za msumeno hazipimwi kwa urefu wa upanga. Hapa ndipo watu wanapopoteza fedha. Mtu anachukua mashine yake ndogo, anaifunga upanga mrefu wa inchi 20, anadhani ameikuza. La hasha! Injini ile ile sasa inavuta mnyororo mrefu zaidi na meno mengi zaidi ndani ya mti, inachemka, klachi inaungua, na oili ya kulainisha haifiki vizuri kwenye ncha. Tazama ukubwa wa injini, ambao hupimwa kwa sentimita za ujazo, zile "sisi" mnazozijua kwenye pikipiki. Mashine za nyumbani huwa kati ya 30 na 45, nazo huchukua upanga wa inchi 12 hadi 16, ukizidi sana 18. Za kati ni 50 hadi 60, upanga wa inchi 16 hadi 20. Zinazotumiwa na mafundi wa kukata miti siku nzima ni 70 na kuendelea, upanga wa inchi 20 hadi 28 au zaidi.

Sasa nenda shambani kwako na kamba, si dukani. Pima mti ulivyo mnene pale utakapoukatia. Msindano wa miaka minane au kumi, ambao wengi wenu mnaukata kwa sababu ya shida za ada na matibabu (na mnajua maoni yangu juu ya kuuvuna mchanga hivyo), mara nyingi haufiki sentimita 25. Upanga wa inchi 16 una sentimita 40. Huo mti unakatwa na mashine uliyo nayo bila taabu. Hata gogo la sentimita 60 lililolala chini laweza kukatwa kwa upanga huo, ukikata upande mmoja kisha ukazunguka wa pili. Lakini kama una mikaratusi ya zamani ya sentimita 50 na kuendelea inayotakiwa kuangushwa, au unakata siku nzima, wiki baada ya wiki, kwa kuuza, mashine ya nyumbani itakufa mapema. Haikuumbwa kwa kazi hiyo. Kwa mkulima wa namna hiyo mimi ningeshauri ile ya kati, ya 50 hadi 60, yenye upanga wa inchi 18. Wengi huruka moja kwa moja kwenye 70 kwa sababu jirani anayo. Jirani huenda ana mkataba wa magogo, wewe una ekari mbili.

Uzito nao si jambo dogo. Mashine ndogo ni kilo 4 hadi 5 bila upanga wala mafuta. Ya 70 ni kilo 6 hadi 7, na ukishafunga upanga, mnyororo, petroli na oili, unabeba karibu kilo 9. Zile za muundo wa kizamani wa zaidi ya 100, ambazo wapasua mbao huzipenda, hupita kilo 10 zenyewe tu, na baadhi yake hazina hata breki ya mnyororo. Saa ya kwanza utaona ni mchezo. Saa ya nne mikono inatetemeka, na mikono inayotetemeka ndiyo inayoacha ncha ya upanga iguse mahali isipotakiwa.

Hapo nataka unisikilize vizuri. Robo ya juu ya ncha ya upanga ikigusa gogo, tawi au hata kisiki kilichojificha kwenye majani, meno hayapati nafasi ya kukata. Mnyororo hugoma, na nguvu yote ya injini huugeuza upanga kuelekea juu na nyuma, yaani usoni na shingoni kwako. Msumeno umepiga teke. Hutokea kwa kasi kuliko mtu anavyoweza kukwepa. Mashine yenye nguvu zaidi hupiga teke kubwa zaidi. Ndiyo maana usinunue msumeno usio na breki ya mnyororo, ule mkono wa plastiki ulio mbele ya mpini unaosukumwa na mgongo wa mkono na kuusimamisha mnyororo. Ijaribu kila asubuhi. Mkono wa kushoto ushike mpini wa mbele, kidole gumba kikiuzunguka kwa chini. Usisimame nyuma ya upanga moja kwa moja, simama kidogo kushoto. Na usikate juu ya mabega, hata tawi moja.

Kwenye bei ya mashine, jumlisha bei ya kofia ngumu, miwani au wavu wa uso, viziba masikio, viatu vigumu, na kama unaweza kuipata, ile suruali maalum yenye nyuzi ndani zinazoubana mnyororo ukigusa paja. Kelele ya msumeno hupita desibeli 100. Masikio hayaumi siku hiyo, yanakufa pole pole. Mtetemo nao, kwa mtu wa kila siku, hufanya vidole viwe vyeupe na vya ganzi wakati wa baridi, na Makete baridi mnaijua. Kama fedha zinatosha mashine peke yake, basi hazijatosha.

Dukani angalia mambo haya. Kuna mashine nyingi za bandia zilizopakwa rangi na kubandikwa majina ya makampuni mashuhuri. Bei ikiwa nusu ya ile ya wakala, usijipongeze. Uliza vipuri: mnyororo, gia ndogo inayouzungusha, kamba ya kuwashia, kabureta. Kama mwenye duka hana, na fundi wa Makambako au Mafinga hajawahi kuifungua aina hiyo, iache. Jua pia kwamba mnyororo wa msumeno wako wa zamani huenda usiingie kwenye mpya. Nafasi kati ya meno, unene wa vile vijino vya chini vinavyopita kwenye mfereji wa upanga, na idadi yake, vyote vitatu lazima vilingane. Namba zake kwa kawaida zimeandikwa kwenye upanga, karibu na injini. Ziandike kwenye daftari kabla hazijafutika.

Mafuta. Petroli huchanganywa na oili ya injini za tustroki, kwa kipimo cha kitabu cha mashine, si kwa jicho. Kipimo cha 1 kwa 50 ni mililita 100 za oili kwa lita 5 za petroli. Cha 1 kwa 25 ni mililita 200. Ukipunguza oili, pistoni inakwaruza na mashine imekwisha. Ukizidisha, moshi na masizi. Msumeno mdogo ukifanya kazi mfululizo hunywa kama lita moja kwa saa, mkubwa mbili hadi tatu. Kweli humaliza haraka, lakini ukiacha uungurume bure huku mnabishana gogo lianguke wapi, unachoma fedha.

Wengine wanataka mashine kubwa kwa ajili ya kupasua mbao. Hesabu kwanza. Mnyororo hula njia ya kama milimita 8, na kwa mkono unaoyumba inakaribia sentimita moja. Ubao wa inchi moja ni sentimita 2.5. Maana yake, katika kila sentimita 3.5 za gogo, moja imekuwa vumbi. Zaidi ya robo ya mti uliousubiri miaka kumi na mitano umeiacha chini! Mashine za dingdong nazo zina bapa nene, lakini mbao zake kwa kawaida hutoka sawa kuliko za chenso. Chenso kwa mbao ni kwa gogo lililolala bondeni ambako hakuna gari wala watu wa kulibeba.

Kama unavuna mara moja kila baada ya miaka kadhaa, kukodi fundi na mashine yake kwa siku tatu kutakuwa nafuu mno kuliko kuinunua. Au nunueni kikundi, wakulima watano au sita, lakini mashine iwe na mtu mmoja wa kuinoa na kuitunza. Mashine ya watu wote bila mwenyewe hupita kiangazi kimoja tu. Kabla ya kulipa, pita ofisi ya misitu ya wilaya uulize habari ya kusajili msumeno na vibali vya kuvuna na kusafirisha. Uliza mapema, usingoje lori limesimamishwa kizuizini.

Na ile ndogo usiiuze. Ukishaangusha mti kwa mashine kubwa, matawi yote kata kwa ndogo, na mkubwa upumzike. Akina mama na vijana wa kuni nao wataihitaji, baada ya kufundishwa. Ikikaa muda bila kazi, mwaga petroli yote, iwashe hadi ijizime, pangusa upanga kwa oili, uihifadhi mahali pakavu mbali na jiko.

Mwenye swali atuandikie kwa anwani yetu ya kawaida, na aeleze aina ya miti, unene wake kwa sentimita, na ukubwa wa mashine aliyo nayo. Kwaheri kwa leo.