Namna Milipuko ya Jua Inavyoongeza Kasi ya Chembe zenye Chaji: Tatizo la Idadi ya Elektroni

Mlipuko wa Jua ni kuachiliwa kwa ghafla kwa nishati iliyohifadhiwa katika ugasumaku wa korona. Katika dakika chache, elektroni zilizokuwa na nishati ya chini ya kiloelektronivolti 1 hufikia makumi au mamia ya kiloelektronivolti. Elektroni yenye kiloelektronivolti 100 husafiri kwa zaidi ya nusu ya kasi ya mwanga.

Chanzo cha nishati hiyo ni kukatika na kuungana upya kwa mistari ya ugasumaku yenye mielekeo kinzani. Kutokana na tukio hilo, nadharia hutaja njia kuu tatu. Kwanza, uga wa umeme huzisukuma chembe moja kwa moja. Pili, mistari iliyoungana upya hufupika kwa haraka, na chembe zilizonaswa ndani yake huongezewa nishati kila zinapodunda. Tatu, katika plazima yenye msukosuko, chembe hupata na kupoteza nishati kwa nasibu, lakini kwa jumla hupata zaidi.

Ugumu haupo katika kiasi cha nishati pekee, bali pia katika idadi. Eksirei za mlipuko mkubwa huashiria kwamba elektroni takribani 10³⁶ huongezewa kasi kila sekunde. Tabaka moja jembamba la mkondo wa umeme haliwezi kupitisha idadi hiyo, na korona ingeishiwa elektroni upesi kama zisingejazwa na mkondo wa kurudi kutoka kromosfia.

Uchunguzi umesaidia kubainisha mahali pa tukio. Katika mlipuko wa tarehe 13 Januari 1992, setilaiti ya Kijapani Yohkoh ilionyesha chanzo cha eksirei zenye nishati kubwa juu ya kilele cha tao la plazima, mbali na vyanzo viwili vya kwenye misingi yake. Katika mlipuko wa tarehe 10 Septemba 2017, vipimo vya mikrowevu vilivyofanywa California vilionyesha ugasumaku ukipungua kwa kasi katika eneo kama hilo, na karibu elektroni zote zilizokuwamo zikiwa zimeongezewa kasi.

Hivyo basi, ushahidi huu unaelekeza kwenye eneo pana, si tabaka moja jembamba. Nadharia inayoeleza nishati ya chembe bila kueleza idadi yake haijakamilika.