Taa ya "Orijino ya Dubai"

Tuseme mwalimu mmoja wa Chamwino anarudi nyumbani saa moja na nusu usiku kwa Toyota IST yake, katika barabara kuu ya Dodoma–Morogoro, jirani na Buigiri. Ng'ombe wamechelewa kurudi zizini, na mmoja anavuka ghafla. Mwalimu anapona, ng'ombe haponi. Bampa imepasuka, boneti imekunjamana, taa ya kushoto haipo, na rejeta inavuja maji.

Bahati yake ana bima kubwa. Angekuwa na ile ndogo ya shilingi 118,000 kwa mwaka, kampuni ingewalipa watu wengine aliowadhuru, na gari lake angelitengeneza kwa mshahara wake. Wiki tatu baadaye anapigiwa simu akalichukue. Rangi inang'aa. Analizunguka gari mara mbili, anasimama mbele ya taa mpya.

"Fundi, hii taa imetoka wapi?"

"Kariakoo, mwalimu. Imekuja na basi juzi. Hiyo ni orijino ya Dubai."

Nimekagua magari ya ajali kwa miaka mingi na jibu hilo nimelisikia mara nyingi. Fundi hajadanganya. Amesema neno ambalo kila mtu katika biashara hii analitumia kwa maana yake mwenyewe, na mwenye gari ndiye anayebeba tofauti ya maana hizo.

Gereji zetu zinatumia spea za aina nne. Ya kwanza ni mpya kutoka kwa mtengenezaji wa gari, ndani ya boksi lake, yenye namba yake. Kwa Toyota ni tarakimu tano, kistari, kisha tarakimu au herufi tano nyingine, na bampa nyingi za mbele zinaanza na 52119. Ya pili ni ya mtumba, iliyong'olewa kwenye gari lililokatwa Japani. Hiyo nayo ni orijino, ila imetumika. Ya tatu imetengenezwa na kiwanda kingine, mara nyingi cha Taiwan au China, na inauzwa kwa jina la kiwanda hicho. Humo ndani kuna nzuri na kuna mbovu. Hata Toyota haichongi kila kitu yenyewe, taa zake nyingi hutoka Koito. Ya nne ni feki, yaani kitu cha kiwanda kisichojulikana kilichobandikwa nembo ya Toyota. Aina tatu za kwanza ni biashara halali. Ya nne ni kosa la jinai chini ya sheria ya alama za bidhaa, na Tume ya Ushindani hukamata mizigo ya namna hiyo na kuiteketeza.

Sasa kampuni ya bima inadaiwa ipi kati ya hizo? Watu wengi hudhani kwamba ukilipia bima kubwa umelipia spea mpya za Toyota. Mkataba hausemi hivyo. Msingi wa bima ya gari ni fidia: kukurudisha pale ulipokuwa dakika moja kabla ya ajali, si chini ya hapo wala juu yake. Na mikataba mingi inaipa kampuni, si wewe, uamuzi wa kutengeneza, kubadilisha au kulipa fedha taslimu. Kama taa yako ilikuwa na umri wa miaka kumi na mitano, imekuwa ya njano kwa jua la Dodoma, kampuni inaweza kukuwekea mpya na kukutaka uchangie sehemu ya thamani iliyoongezeka. Hilo huwaudhi watu sana, lakini lina hoja.

Tupige hesabu. IST ya shilingi milioni 12, kwa kiwango kilichozoeleka cha asilimia 3.5, inalipiwa 420,000. Ongeza VAT ya asilimia 18 inakuwa 495,600. Ukidai kila kilichovunjika kiagizwe kipya kutoka kwa mtengenezaji, gharama ya matengenezo inaweza kuikaribia thamani ya gari lenyewe, na hapo kampuni itatangaza kwamba gari limekufa. Utapewa fedha ambazo huenda zisinunue gari jingine kama lile. Kwa gari la zamani kama hilo, mlango wa mtumba kutoka Japani unakaa vizuri kuliko mlango mpya wa kiwanda kisichojulikana, kwa sababu ulitengenezwa kwenye kalibu ileile. Binafsi ningeuchagua bila kusita.

Kuna vitu ambavyo havininyimi usingizi kabisa. Mwaka 2000, taasisi ya usalama barabarani inayogharamiwa na kampuni za bima za Marekani ilichukua Toyota Camry ya 1997, ikaondoa madigadi ya mbele, maganda ya milango na ganda la bampa, ikaweka boneti isiyo ya Toyota, kisha ikaligongesha kwenye kizuizi kwa kilomita 64 kwa saa. Ulinzi wa dereva ulikuwa karibu sawa na wa Camry kamili. Maganda ya nje ni sura ya gari. Kinachokulinda ni chuma kilicho chini yake, mikanda, mifuko ya hewa, usukani na breki. Bampa isiyo orijino itakukera kwa klipu zinazolegea na rangi inayopauka upesi kwa jua letu, na una haki ya kulalamika. Ila hutakufa kwa ajili yake.

Je, kwa taa nalegeza msimamo kwa mtu yeyote, kampuni au fundi? Hapana. Hapo nasimama.

Tanzania tunaendesha kushoto. Dubai wanaendesha kulia. Mwanga hafifu wa taa ya gari, ule tunaoutumia tunapopishana, haukukatwa sawa pande zote. Kwenye nchi ya kushoto unainuka kidogo upande wa kushoto, umulike ukingo wa barabara, watembea kwa miguu na mifugo, na upande wa kulia unabaki chini usimpofue anayekuja. Taa iliyotengenezwa kwa ajili ya nchi ya kulia inafanya kinyume chake. Inaingia vizuri, inawaka vizuri, hata namba yake inaweza kuwa ya Toyota kweli. Lakini ukingo wa kushoto unabaki gizani, na dereva wa lori anayetoka Morogoro anapigwa mwanga machoni. Mwalimu aliyegonga ng'ombe kwa sababu hakumwona mapema anarudishiwa gari ambalo litamwonyesha ng'ombe wa pili kwa kuchelewa zaidi. Hayo si matengenezo, na si fidia kwa maana yoyote ya neno hilo, hata kama boksi limeandikwa orijino pande zote sita.

Mifuko ya hewa ni mbaya zaidi, kwa kuwa haionekani. Baada ya kufumuka, wako mafundi wanaoshona kifuniko cha usukani kikawa safi, kisha wanaidanganya taa ya dashibodi kwa kipande cha rezista ili ionyeshe mfumo ni mzima. Marekani nako mamlaka ya usalama barabarani ilitoa onyo la mifuko feki mwaka 2012, na mwaka 2024 ikaonya tena baada ya watu kufa kwa vipuri vya namna hiyo. Kwa mfuko wa hewa, mkanda na sehemu za usukani, usikubali mtumba wala kiwanda usichokijua, hata kama kampuni italazimika kusubiri mzigo.

Ugomvi huu uliwahi kufika mbali. Mwaka 1999, mahakama moja huko Illinois, Marekani, iliamua kampuni kubwa ya bima ya State Farm iwalipe wateja wake zaidi ya dola bilioni moja kwa kuwawekea spea zisizo za mtengenezaji. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ikaufuta uamuzi wote. Moja ya sababu ilikuwa kwamba mikataba ya wateja hao haikubeba ahadi ya aina moja. Mamilioni ya watu walikuwa na hasira moja, lakini karatasi zao zilisema mambo tofauti.

Basi tuirudie karatasi ya mwalimu wetu. Aina ya spea haiamuliwi siku ya kuchukua gari. Inaamuliwa siku asesa anapokuja kukagua, fundi anapoandika makadirio na kampuni inapoyapitisha. Siku hiyo wengi wetu hatupo. Tumeacha ufunguo gereji tukarudi kazini. Uwepo. Omba nakala ya makadirio, na mbele ya kila kipuri paandikwe: kipya cha mtengenezaji, cha mtumba au cha kiwanda kingine, na cha kiwanda gani. Omba uonyeshwe vilivyong'olewa. Kampuni ina haki ya kuvichukua, lakini macho yako yanatosha kujua kama bampa ilibadilishwa kweli au ilipakwa puti.

Halafu kuna fomu ya kukiri kwamba umeridhika. Ukiisaini umejifungia mlango mwenyewe. Kama hujaridhika, andika barua kwa kampuni ukieleza kipuri kwa kipuri. Wakikaa kimya au wakikataa, ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, TIO, iliyowekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009, na ipo TIRA, mamlaka inayozisimamia kampuni zenyewe, ambayo makao makuu yake yako hapo Dodoma.

Mwalimu hakuisaini fomu hiyo. Alisubiri giza liingie, akalisogeza gari hatua tano kutoka ukuta wa gereji, sakafu ikiwa tambarare, akawasha mwanga hafifu. Taa ya kulia, ya zamani, iliinua mwanga wake kushoto. Ile mpya iliuinua kulia, mikwaju miwili ikakatana ukutani kama mkasi. Fundi alitazama kwa muda, hakubisha. Akachukua spana, akaifungua taa, akairudisha kwenye boksi lake, akampigia simu mtu wa Kariakoo.