Kijerumani ndani ya madrasa: tuogope au tusome?

Kikao cha kamati ya msikiti wetu hapa Mbozi Mission kilikuwa kinakaribia kufungwa baada ya Swala ya Isha, pale baba mmoja alipoomba kusikilizwa. Binti yake wa kidato cha tatu na wenzake watano walikuwa wakiomba chumba cha madrasa kila Jumamosi ili wajifunze Kijerumani cha mwanzo. Kijana wa jamaa yetu, aliyeisoma lugha hiyo Dar es Salaam, alikuwa tayari kuwafundisha bila malipo. "Wazee wangu, nimemkatalia," alisema yule baba, "lakini ameniuliza sababu, nami sikuwa na jibu. Nimeona nisihukumu peke yangu."

Mzee mmoja akadakia: "Katibu, mwanangu, hiyo ni lugha ya waliowanyonga wazee wetu Songea. Tena ndiyo lugha ya waliojenga misheni. Mwataka kuiingiza madrasa?"

Hatukulipuuza neno la mzee, kwani lina ukweli ndani yake. Wamisionari wa Kimoravian waliofika kusini magharibi mwa nchi yetu mwaka 1891, na baadaye wakajenga hapa Mbozi, walitoka Ujerumani. Na Februari 27, 1906, katika Vita vya Majimaji, Wajerumani waliwanyonga mashujaa wetu kwa makumi pale Songea. Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda Songea Novemba 1, 2023, akaomba msamaha. Dhulma haifutiki kwa kusahauliwa.

Hata hivyo, lugha si dhulma. Allah (s.w.) ametufahamisha katika Suratur-Rum, aya ya 22, kuwa kutofautiana kwa lugha zetu ni miongoni mwa ishara Zake. Naye Mtume (s.a.w.) alimwamuru Zayd bin Thaabit (r.a.) ajifunze maandishi ya Mayahudi, ili Waislamu wawe na mtu wao wa kuaminika wa kusoma na kuandika barua. Aliyejifunza hakuwa Myahudi kwa kujifunza. Alikuwa mlinzi wa umma wake.

Ikumbukwe pia kuwa Kijerumani kimo vinywani mwetu siku zote. Neno "shule" limetokana na Schule. "Hela" tunazozitafuta zilianza na sarafu ndogo ya Heller, ambayo 100 zake zilifanya rupia moja. Na wapo Waislamu wa pwani waliokwenda Berlin wakiwa walimu. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, mtu aliyesoma elimu ya dini, alifundisha Kiswahili huko kuanzia mwaka 1900, na mwaka 1903 kikachapishwa kitabu cha Desturi za Wasuaheli, ambacho sehemu yake kubwa ni kazi yake. Lakini aliporudi mwaka 1905 pamoja na mkewe Mjerumani, serikali ya kikoloni iliwazuia kuteremka. Alifariki Berlin mwaka 1927. Lugha ilimfungulia mlango, haikumpa heshima aliyostahili. Vijana wetu wayajue yote mawili.

Kilichotushangaza zaidi ni manufaa ya madrasa yenyewe. Kijana yule alituonyesha namna Kijerumani kinavyohesabu: 21 husemwa einundzwanzig, yaani moja na ishirini. Mzee aliyepinga akainua kichwa: "Waahid wa ishruun! Kama Kiarabu!" Naam. Sauti ya "kh" iliyomo katika Buch, yaani kitabu, humtesa mwanafunzi mwingine, bali mtoto aliyezoea makhraj haimsumbui. Baba ni der Vater anapotenda, den Vater anapotendwa, dem Vater anapopewa. Aliyesoma nahau akajua waladu, walada na waladi, ataelewa upesi. Na kama sisi tulivyo na ngeli, wao nao wana der, die na das, ambazo hazifuati akili kila mara: msichana, das Mädchen, hahesabiwi kuwa jinsi ya kike! Tena wana adabu yao: rafiki na mdogo huitwa du, mkubwa na mgeni huitwa Sie. Mtoto aliyelelewa kwa shikamoo hatapotea hapo.

Lakini tusidanganyane. Hatua ya kwanza, iitwayo A1, ni ya kujitambulisha, kuuliza njia na kununua mkate. Haimpi mtu kazi. Muuguzi anayetaka kufanya kazi Ujerumani hutakiwa kufika B1 au B2, nayo ni safari ya miezi mingi ya kusoma kwa bidii. Tunalisema hili kwa uchungu. Mzazi mmoja katika jamaa yetu aliuza sehemu ya shamba la kahawa akampa wakala aliyeahidi kumpeleka mwanawe Ujerumani ndani ya miezi mitatu. Wakala hapatikani, shamba halirudi, na kijana hajui hata salamu ya Kijerumani. Mzazi asitoe fedha kabla ya kuuliza ubalozi, na mitihani ya lugha aiulize Goethe-Institut, Dar es Salaam.

Kamati iliafikiana hivi: chumba kitolewe baada ya darasa la Qur'an, si badala yake, mlango ubaki wazi, na mama mmoja awepo, Swala ya Adhuhuri isipite, na masomo ya kidato yasiachwe.

Yule baba alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Nitakwenda kumwambia mwenyewe." Jumamosi iliyofuata alimleta binti yake, akakaa naye darasani hadi mwisho. Wazazi wenzetu, mtoto anapoomba elimu, tumsikilize kwanza, tushauriane, kisha ndipo tuamue.

Allah (s.w.) atuzidishie elimu yenye manufaa na atulindie vizazi vyetu. Amin.