Kioo cha kompyuta mpakato iliyoharibika kinavyoweza kugeuzwa ubao wa kuchorea

BARIADI: Kompyuta mpakato inapoharibika kiasi cha fundi kukata tamaa, aghalabu kilichoharibika ni bodi kuu, betri au kibodi, huku kioo chake kikiwa bado kizima. Mjini Bariadi, kama ilivyo katika miji mingine nchini, mashine za namna hiyo huishia stoo au chini ya meza ya fundi. Kioo hicho, kikiunganishwa kwa utaratibu sahihi na kalamu ya kielektroniki, kinaweza kuwa ubao wa kuchorea, yaani skrini ambayo mchoraji huchora moja kwa moja juu yake na mstari ukaonekana papo hapo chini ya ncha ya kalamu.

Kwa Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Shinyanga, suala hili lina uzito wake. Mkoa huo ulijipambanua kwa mpango wa Wilaya Moja Bidhaa Moja, uliozaa chaki za Maswa na maziwa ya Meatu. Bidhaa inayoingia sokoni huhitaji nembo, lebo na kifungashio, na maonesho ya Nanenane yanapofanyika katika viwanja vya Nyakabindi huhitajika mabango, fulana na vipeperushi. Kazi hiyo kijana wa steshenari huifanya kwa kipanya. Kipanya kinafaa kupanga maandishi, lakini kuchora nacho uso wa mtu au ua la pamba ni sawa na kuandika kwa kipande cha sabuni. Ubao wa kuchorea wenye skrini ukiwa mpya ni kifaa cha bei kubwa, na ndiyo maana wabunifu katika nchi mbalimbali wameamua kujitengenezea.

Wasomaji wengi wanavifahamu vishikwambi, hasa baada ya vile vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 23, 2022 kugawiwa walimu. Ubao wa kuchorea ni kifaa tofauti. Kishikwambi cha kawaida huhisi mguso wa kidole, lakini hakitambui kama mchoraji amekandamiza kwa nguvu au amegusa kwa wepesi. Ubao wa kuchorea hutambua hilo, na mstari hunenepa au kuwa mwembamba kadiri mkono unavyokandamiza. Siri yake haiko katika kioo, bali katika bodi pana iliyolazwa nyuma yake. Bodi hiyo hutoa mawimbi ya sumaku-umeme, na kalamu, ambayo ndani yake mna koili ndogo ya waya, huyapokea na kuyarudisha. Kwa njia hiyo bodi hujua kalamu ilipo. Kalamu inapokandamizwa, masafa ya mawimbi inayorudisha hubadilika kidogo, na badiliko hilo ndilo linalosomwa kama nguvu ya mkono. Kalamu za aina hii hazihitaji betri.

Hapa ndipo mtu anayetaka kujaribu anapaswa kutulia kabla ya kutoa fedha. Kioo kinaweza kuokotwa, fremu inaweza kuchongwa na seremala, na hata chanzo cha umeme kinaweza kupatikana katika vifaa vikuukuu. Bodi ya kuhisi na kalamu yake haviokotwi katika kompyuta yoyote mbovu ya kawaida. Hutoka katika ubao wa kuchorea usio na skrini, ule bapa unaowekwa mezani kando ya kompyuta, na mara nyingi hupatikana ukiwa umetumika. Asiye na kifaa hicho hana ubao wa kuchorea. Ana skrini ya ziada tu.

Ukubwa wa bodi hiyo ndio unaoamua kioo kipi kitafutwe, si kinyume chake. Kosa linalojirudia ni kuanza na kioo cha kompyuta ya kawaida cha inchi 15.6, chenye upana wa takribani sentimita 34 na kimo cha sentimita 19, kisha kukilaza juu ya bodi ndogo yenye eneo la sentimita 15 kwa 10. Matokeo yake kalamu hufanya kazi katikati ya kioo tu. Bodi ya ukubwa wa kati, yenye eneo la takribani sentimita 22 kwa 13, huoana vizuri na kioo cha inchi 10.1 kilichotumika katika zile kompyuta mpakato ndogo zilizoenea miaka ya 2008 hadi 2012. Kompyuta hizo leo ni nzito kwa programu za kisasa na wengi wameziacha, lakini vioo vyake vinafaa kwa kazi hii.

Nyuma ya kila kioo kuna karatasi yenye namba ya modeli. Namba inayoanza na B156 au N156, kwa mfano, huashiria kioo cha inchi 15.6. Namba hiyo ndiyo inayotumika kuagiza bodi ya kuendesha kioo, ambayo hupokea picha kupitia tundu la HDMI au VGA. Vioo vya zamani hutumia mfumo wa LVDS na vya baadaye eDP, na bodi ya mfumo mmoja haiendeshi kioo cha mfumo mwingine. Bodi nyingi za aina hii hutumia umeme wa volti 12. Chaja ya kompyuta mpakato, ambayo kwa kawaida hutoa volti 19, isiunganishwe nazo moja kwa moja kwa kuwa inaweza kuziunguza. Chaja ya volti 12 yenye uwezo wa ampia 2 au zaidi hutosha kwa vioo vingi vyenye taa za LED.

Kazi ngumu zaidi ni kukifungua kioo. Mawimbi ya kalamu hupenya kioo na plastiki bila shida, lakini hayapenyi bati. Kwa sababu hiyo, bati la nyuma ya kioo huondolewa, na tabaka za plastiki zinazosambaza mwanga hubaki katika mpangilio wake. Vumbi likiingia kati ya tabaka hizo litaonekana kama madoa kila siku, na katika mji wenye kiangazi kama Bariadi ni busara kufanya kazi hiyo ndani, milango ikiwa imefungwa na sakafu imenyunyiziwa maji. Kibodi chembamba kilichoshikamana na ukingo wa chini wa kioo hukunjuliwa nje ili kisilale juu ya bodi ya kuhisi. Utepe unaokishikilia hukatika kwa urahisi, na ukikatika kioo hakina matengenezo.

Juu ya kioo huwekwa kioo kingine cha kukinga, chenye unene wa milimita 2 au 3, ambacho fundi vioo anaweza kukikata kwa kipimo. Kikiwa kinene zaidi, ncha ya kalamu huonekana kuwa mbali na mstari unaochorwa, na mchoraji hulazimika kukisia. Fremu iwe ya mbao au plastiki. Vifaa vikishaungwa, programu ya kalamu huelekezwa kwenye skrini mpya na kurekebishwa kwa kugusa alama za pembeni. Kwa uchoraji wenyewe ipo Krita, programu isiyolipiwa.

Ubunifu wa kutumia taka za kielektroniki si mgeni katika ukanda huu wala barani Afrika. Mwaka 2013 mbunifu Afate Gnikou wa Togo aliunda mashine ya kuchapa maumbo ya plastiki kutokana na sehemu za printa na skana zilizotupwa, na baadaye vijana wa Dar es Salaam walifanya kazi inayofanana na hiyo. Mazingira ya kazi hizo ni mapana: ripoti ya kimataifa ya mwaka 2024 ilionesha kuwa dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, na asilimia 22.3 tu ndizo zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo.

Wananchi wanakumbushwa mambo kadhaa ya tahadhari. Vioo vya zamani vilivyotengenezwa kabla ya taa za LED kuenea vina mirija myembamba ya mwanga yenye zebaki, na kifaa kinachoiwasha hutoa umeme wa mamia ya volti. Vioo hivyo visifunguliwe nyumbani. Betri iliyovimba isitobolewe wala kutupwa kwenye moto, na waya zisichomwe ili kupata shaba, kwa kuwa moshi wake una sumu.

Aidha, kompyuta na vishikwambi vya shule, zahanati au halmashauri ni mali ya umma hata vikiwa vibovu. Havivunjwi kwa uamuzi wa mtumishi au mwanafunzi, bali huondolewa katika orodha ya mali kwa kibali na utaratibu uliowekwa. Mwalimu anayetaka wanafunzi wake wajifunze kwa vitendo aanzie kwa mkuu wa shule na ofisa anayesimamia mali katika halmashauri.

Mtu anayefungua kompyuta yake mwenyewe hana kikwazo. Anayetaka kufanya biashara ya kukusanya, kusafirisha au kuchakata taka hizo anawajibika kwa kanuni za mwaka 2021 za udhibiti wa taka za vifaa vya umeme na kielektroniki, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, zinazomtaka kuwa na kibali. Mabaki ya kazi, yaani bodi kuu, betri na mabati yaliyoondolewa, yatenganishwe na taka za nyumbani na kuhifadhiwa mahali pakavu hadi yatakapokabidhiwa kwa mkusanyaji mwenye kibali hicho. Ofisa mazingira wa halmashauri ndiye wa kuulizwa kuhusu mkusanyaji aliye karibu.