Mbona Anaitwa Tena? Usaili wa Muuguzi Mfawidhi



Siku hizi katika vijiji vingi wapo wazazi wenye watoto waliosomea uuguzi. Mtoto anaomba kazi ya kusimamia wauguzi. Anaitwa mjini, anakwenda, anarudi. Baada ya wiki mbili anaitwa tena. Halafu anaitwa mara ya tatu. Kila safari ni nauli. Kuku wanauzwa, gunia la mahindi linauzwa. Mwisho wazee wanaulizana: "Mbona hawampi kazi? Au wanataka chochote?"

Swali hilo ni la haki. Leo tutaeleza jinsi wanavyochujwa waombaji wa kazi hii, kwa nini huitwa mara nyingi, na mambo gani mzazi ajihadhari nayo.

MUUGUZI MFAWIDHI NI NANI?

Muuguzi mfawidhi ni yule anayewasimamia wauguzi wenzake katika wodi au kituo. Yeye hupanga zamu za mchana na usiku. Huangalia kama dawa zipo na hazijaharibika. Huhakikisha kwamba dawa kali za maumivu, kama mofini, zimefungiwa kabatini na kuandikwa daftarini. Hupokea pia malalamiko ya wagonjwa na ndugu zao.

Tutoe mfano. Mama akishajifungua huchomwa sindano ya dawa iitwayo oksitosini. Dawa hiyo husaidia mji wa mimba ujikaze, ili damu isitoke nyingi. Lakini dawa hiyo yataka baridi. Hutunzwa ndani ya jokofu, katika nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. Ikikaa kwenye joto siku nyingi, nguvu yake hupungua.

Sasa, umeme ukikatika, nani ataangalia jokofu? Ni muuguzi wa zamu, kama amefundishwa na kukumbushwa. Na wa kufundisha na kukumbusha ni mfawidhi. Mfawidhi akizembea, sindano itachomwa, lakini mama aweza kutokwa na damu hadi kufa. Mama huyo huenda akawa mke wako au binti yako.

Ndiyo maana kazi hii haitolewi kwa kutazamana sura.

Katika hospitali za serikali, mara nyingi mfawidhi huteuliwa miongoni mwa wauguzi walio kazini tayari. Hospitali za mashirika ya dini na za watu binafsi mara nyingi huitangaza nafasi hiyo, na waombaji husailiwa. Usaili maana yake ni kumwuliza mtu maswali ili kupima kama anaiweza kazi. Hatua za usaili hazilingani kila mahali, lakini kwa kawaida huwa kama hizi.

HATUA YA KWANZA: KARATASI

Kabla mtu hajaitwa, barua yake na vyeti vyake husomwa. Hapa Tanzania, kwa Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, muuguzi lazima awe amesajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga, na awe na leseni. Leseni iliyokwisha muda haifai kitu.

Majina nayo yalingane. Cheti cha shule kikisema Maria na kitambulisho kikisema Mariamu, wasaili watauliza: je, huyu ni mtu mmoja au wawili? Mwombaji aandae mapema kiapo cha kisheria kuthibitisha jina lake. Wengi hurudishwa mlangoni kwa jambo dogo kama hili, na nauli imekwisha kuliwa.

HATUA YA PILI: MTIHANI WA KUANDIKA

Waombaji wakiwa wengi, hupewa mtihani ili kupunguza idadi. Hata Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hutumia njia hiyo: usaili wa mchujo kwanza, kisha mahojiano. Kwa kazi nyingine huwapo pia usaili wa vitendo. Kwa hiyo kuitwa mara ya pili si usumbufu. Ni dalili kwamba mtu amefaulu mara ya kwanza.

HATUA YA TATU: MAHOJIANO

Hapa mwombaji hukaa mbele ya watu kadhaa. Hawa huitwa jopo. Kila mmoja hutoa alama zake, kisha alama hujumlishwa. Sababu yake ni kwamba mtu mmoja peke yake aweza kumpendelea ndugu yake. Wakiwa wengi, upendeleo hupata shida.

Swali laweza kuwa hili: "Usiku wa leo wauguzi wawili hawakufika. Wodi ina wagonjwa 40. Utafanya nini?"

Anayejibu, "Nitawaandikia barua ya onyo," hajajibu. Barua haimgeuzi mgonjwa kitandani. Anayejibu vizuri huanza na wagonjwa: "Nitapita kitanda hadi kitanda niwajue walio mahututi. Nitamwomba muuguzi wa zamu ya jioni abaki kidogo. Nitaomba msaada wodi ya jirani. Nitamjulisha mkubwa wangu na kuandika kwenye ripoti. Kesho nitawauliza wale wawili kwa nini hawakuja." Huyo ameonyesha kwamba anajua kipi kianze na kipi kifuate.

HATUA YA NNE: WAKUBWA

Waliobaki wawili au watatu hukutana na wakubwa wa hospitali. Huenda wakatembezwa wodini, wakaelezwa mshahara na nyumba. Wadhamini wao nao huulizwa: je, huyu mtu ni mwaminifu? Hufika kazini kwa wakati?

NAULI NA MATAPELI

Katika usaili wa serikali, msailiwa hujilipia mwenyewe nauli, chakula na malazi. Kwingineko utaratibu waweza kuwa tofauti, na kuuliza si dhambi. Binti aulize kwa adabu: "Zimebaki hatua ngapi? Je, hatua mbili zinaweza kufanyika siku moja?" Jibu litamsaidia mzazi kupanga fedha, asiuze mbuzi wote kwa safari moja.

Lakini nauli ni jambo moja, na hongo ni jambo jingine. Mtu akipiga simu akisema, "Nitumieni laki mbili nimwingize mwanenu," basi huyo ni tapeli au mla rushwa. Msitume! Kutoa rushwa ni kosa kama kupokea, kwa Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Sheria hiyo inakataza pia rushwa ya ngono. Binti akitakiwa mwili wake ili apewe kazi, asinyamaze, na nyumbani asilaumiwe. Simu ya TAKUKURU ni 113, haina malipo.

Tena tufikiri. Aliyenunua kazi atataka kurudisha fedha yake. Atairudisha kwa nani? Kwa mgonjwa.

AKIKOSA JE?

Nafasi ni moja, waliokuja ni kumi. Tisa lazima warudi nyumbani. Tusimwambie binti, "Umetula nauli bure." Aliyefika hatua ya tatu amewashinda wengi. Tumwulize maswali yaliyomshinda, ayaandike, ajifunze, aombe tena. Bandu bandu huisha gogo.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini mwombaji huulizwa na watu wengi na siyo mmoja?
2. Kama wewe ungekuwa kwenye jopo, ungemwuliza muuguzi swali gani?
3. Jirani yako ameambiwa atume fedha ili mwanawe apate kazi. Utamshauri nini?